Vibabu vya bustani: udongo, saruji au plastiki? Nipo Tanga

Mwana Raskazoni
Wadau, habari zenu. Nataka kuanza kukusanya zile sanamu za vibabu vyenye ndevu na kofia ndefu nyekundu. Nimeona vitatu vya kuanzia: cha udongo wa kuchoma, cha saruji na cha plastiki. Muuzaji anataka jibu Jumamosi. Nichukue kipi?

Fundi wa Pongwe
Mkuu, bei hujataja, jua hujataja, wala umbali na bahari. Tutakushaurije? Mimi ni saruji tu. Kizito, upepo haukiangushi.

Bi Mkubwa Chumbageni
Saruji iliniliza mwanangu. Nilifinyangiwa vibabu vinne, kimoja kimeshika ndoo, mjukuu wangu akakipenda hadi akakipa jina. Masika ya kwanza salama. Masika ya pili nikaona madoa ya kutu begani, halafu ufa mwembamba kama unywele. Asubuhi moja nafagia uwanja, nakuta mkono na ndoo yake viko chini. Kumbe fundi alichota mchanga wa ufukweni, na ndani aliweka waya wa kufungia nondo. Chumvi inakula waya, kutu inavimba, saruji inapasuka kutokea ndani. Vyote vinne vilikwenda hivyo hivyo. Mtoto alilia siku mbili.

Fundi wa Pongwe
Pole mama. Hapo kosa ni la mchanga, saruji haina kosa. Mchanga wa mto, ukaoshwa, hauna shida hiyo.

Mchongaji Bagamoyo
Udongo ndiyo asili yao. Mwaka 1847 Sir Charles Isham alivitoa Ujerumani vikiwa vya udongo, akavipanga kwenye bustani yake ya Lamport Hall, Uingereza. Kimoja kipo mpaka leo! Kule adui ni baridi ya kugandisha maji, huku hatuna. Kiweke juu ya tofali tu, kisinyonye maji ya ardhini.

Ngamiani Kati
Samahani, hili hamligusi. Sanamu yenye uso, tena mlangoni? Kwetu Waislamu ina utata. Na majirani watasema unafuga vibwengo.

Mchongaji Bagamoyo
Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini ni pambo. Nachonga nyuso kila siku, sijaona mtu akiziabudu.

Ngamiani Kati
Sijasema unaabudu. Nasema aulize kwanza waliomo nyumbani.

Mwana Raskazoni
Nisameheni. Bahari naiona dirishani, kusi linapiga moja kwa moja, jua hadi saa tisa. Udongo 45,000, saruji 30,000, plastiki 12,000. Mke wangu ameridhia, mama bado.

Fundi wa Pongwe
Jua hilo plastiki itapauka na kukatika. Ya saruji muulize mchanga ulitoka wapi. Kama ni mbichi, usipake rangi kabla ya wiki nne, itabanduka.

Bi Mkubwa Chumbageni
Mwanangu, huyo muuzaji anacho chenye ndoo? Cha udongo. Niambie kabla ya Jumamosi.