Penang, Chiang Mai au Hanoi mwezi wa tatu?

mtoto_wa_kisauni: Wakuu habarini. Mimi na wife tunataka kwenda Asia ya Kusini Mashariki mwezi wa tatu, shida yetu ni msosi wa maana, vitu vya kale na hali ya hewa isiyotuchosha. Tumebaki na Penang (Malaysia), Chiang Mai (Thailand) na Hanoi (Vietnam). Sisi Waislamu, nguruwe hapana.

chapati_mbili: Chiang Mai toa kwanza. Mwezi wa tatu huko wanachoma mashamba na misitu, moshi unajaa bondeni mpaka mlima wa Doi Suthep uliopo hapo hapo pembeni huuoni, watu na barakoa. Nenda Novemba mpaka Januari, asubuhi unatafuta sweta.

DadaZuu: Kweli kabisa ila mnaikosa khao soi jamani 😭 Tambi za mayai kwenye mchuzi wa nazi wenye binzari, juu wanakuwekea tambi zingine zilizokaangwa kau kau, pembeni ndimu na vitunguu vibichi. Karibu na msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan huko China, inapikwa halali, na Ijumaa asubuhi kuna gulio hapo.

mzee_wa_supu: Hanoi joto hamna, lakini mwezi wa tatu ni rasharasha na unyevu, ukifua shati linakaa siku nzima bado bichi. Pho, supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, asubuhi kwenye vile vistuli vya plastiki barabarani, halafu kahawa ya yai, we acha tu. Ila bun cha, tambi na nyama ya kuchoma, ni nguruwe na halali ni ya kutafuta.

shangazi_tmk: Penang bila kufikiria mara mbili. George Town, mji wenyewe wa Penang, uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, msikiti wa Kapitan Keling, hekalu la Wahindu, la Wachina na kanisa unavizungukia kwa miguu asubuhi moja. Nasi kandar unanyoosha kidole tu, kuku, ngisi, bamia, kisha mwambie "banjir" anakumwagia michuzi yote juu ya wali. Laksa yao, supu ya tambi na samaki, ina ukwaju, nanasi na mnanaa, kali na chachu hadi pua inatoka kamasi. Char kway teow, tambi za mchele za kukaanga, uliza kwanza, Wachina wengi wanakaangia mafuta ya nguruwe.

chapati_mbili: Shangazi umeruka joto makusudi 😂 Penang Machi ni Mombasa ile ile, mtu atoke Kisauni akatoe jasho lile lile kwa nauli yote hiyo?

shangazi_tmk: Si amezoea! Na wakizidiwa wapande ile treni ya Penang Hill, ipo tangu 1923, juu kuna kaubaridi.

mtoto_wa_kisauni: Wife kashasoma mpaka kwenye ngisi, Penang imepita. Sasa tulale ndani ya George Town au ufukweni Batu Ferringhi?

DadaZuu: Mjini. Ufukwe si mnao Nyali.