Acheni kubandika mifano mibovu ya Fortran na GTK

Wakuu,

Imetosha. Mtu akiuliza namna ya kutengeneza dirisha kwa Fortran na GTK (maktaba ya C ya kuchora madirisha na vitufe) anatupiwa kodi (msimbo) ya lugha ya C iliyogeuzwa juu juu, na programu ikizimika ghafla anaambiwa lugha yenyewe ni ya wazee. Lugha haina kosa! Moduli ya `iso_c_binding`, inayoiunganisha Fortran na C, ipo tangu Fortran 2003, na gtk-fortran, maktaba ya kuiita GTK kutoka Fortran, imejengwa juu yake. Kilichooza ni mifano yenu.

Tuanze na `value`, neno linaloiambia Fortran ipeleke thamani yenyewe. C inapokea thamani yenyewe, Fortran isipoambiwa inapeleka anwani. Andika mwenyewe tangazo la `gtk_window_set_default_size`, usahau `value` kwenye upana na urefu, na GTK itapokea anwani ya kumbukumbu mahali pa 640. Kompaila itanyamaza, maana inaamini tangazo lako. Afadhali hata kusahau `bind(c)`, inayoagiza jina libaki la C: kompaila ya gfortran inaongeza mstari wa chini (`_`) mwishoni mwa jina, linka (inayounganisha programu na maktaba) inakataa, unajua mapema.

Maandishi nayo. C inasoma mpaka ikutane na baiti ya sifuri, kwa hiyo ni `"Hifadhi"//c_null_char`, na kama ni kigezo cha herufi 80, `trim` kwanza kukata nafasi tupu za mwishoni. Ukiacha, kitufe kinaonyesha takataka baada ya neno.

Halafu kuna hili la `gboolean`, aina ya ndiyo/hapana ya GTK, ambalo karibu kila mfano unalikosea. Si `logical`. Ni `integer(c_int)`, baiti 4. Mkirudisha `logical(c_bool)` ya baiti 1 kutoka kwenye kishikizi (kodi inayoitwa tukio likitokea) cha `close-request`, yaani ombi la kufunga dirisha, baiti 3 zilizobaki zinaweza kuwa na chochote. GTK ikiona namba isiyo sifuri inaelewa "usifunge", na dirisha linagoma kufungwa. Mtu anahangaika siku nzima akitafuta kosa kwenye kitufe.

Vishikizi viwekwe ndani ya moduli, si chini ya `contains` ya sabrutini. Kishikizi cha ndani kinachotumia vigezo vya sabrutini yake, gfortran inakitengenezea daraja dogo kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya sabrutini. Sabrutini ikimaliza, daraja limekufa, na mtumiaji akibofya, programu inaanguka. Data mnayoipitisha kwa `c_loc` (inayotoa anwani yake) nayo iwe na `target`, na iishi kwenye moduli au iwe na `save` ili isipotee sabrutini ikimaliza.

Kinachoudhi kuliko vyote ni `gtk_main`, `gtk_container_add` na `gtk_widget_show_all` kufundishwa hadi leo bila kutaja toleo. GTK 4 ilitoka Desemba 2020 na zote tatu hazimo! Siku hizi ni `gtk_application_new`, unaunganisha kishikizi cha tukio la `activate`, kisha `g_application_run`. Mtoto wa dirisha anawekwa kwa `gtk_window_set_child`, na wa boksi kwa `gtk_box_append`.

Mwenye mfano wa zamani aandike juu kabisa "GTK 3", au aufute. Na kabla ya kubandika mpya, ukompaili kwanza:

`gfortran dirisha.f90 $(pkg-config --cflags --libs gtk-4-fortran)`