Maabara ya kompyuta imepangwa kama ukumbi wa harusi, halafu kila muhula tunadaiwa ada ya kompyuta!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Shule anayosoma binti yangu (darasa la tatu, shule binafsi hapa hapa Dar, jina nalihifadhi) inatoza ada ya kompyuta kila muhula, mbali na ada ya kawaida. Kwenye bango lao la barabarani wameandika "maabara ya kisasa". Juzi siku ya wazazi nikasema ngoja nikauone huo usasa.

Meza zimepangwa safu safu kutazama ubao, kama wageni wanavyotazama maharusi. Mwalimu akisimama mbele anaona migongo ya monita tu. Mtoto anacheza gemu, mtoto amesinzia, atajuaje? Akitaka kumsaidia wa kona ya nyuma hana pa kupita, maana wamebanana watatu watatu kwa mashine moja, na kipanya anacho yule wa katikati. Wawili wa pembeni ni watazamaji, na ada tumelipa sawa.

Sasa njooni kwenye umeme. Soketi ziko ukutani, meza ziko katikati ya chumba. Basi ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, nayo kwenye nyingine, zote zimelala sakafuni pale pale watoto wanapokanyaga. Soketi ya kawaida hapa kwetu ni ya ampia 13, kwa volti 230 haifiki hata wati 3,000, na wao wameitwisha safu nzima ya mashine, tena monita nyingine bado ni zile za chogo! Nilipogusa plagi ya ukutani ilikuwa ya moto.

Kuna jingine. Kwa mpangilio huo, mtoto wa safu ya mbele akigeuka tu anakutana na mgongo wa CPU (lile boksi la kompyuta) ya safu inayofuata. CPU za zamani zina kile kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua volti, 115 au 230. Mtoto ni mtoto, akiona kitu chekundu lazima akisukume. Kikienda 115 kwa umeme wetu unasikia pu! na harufu ya kuungua, pawa saplai (kifaa cha ndani kinacholisha mashine umeme) kwisha habari. Mwalimu wa kompyuta, kijana wa watu asiye na kosa, aliniambia mashine mbili zimekufa hivyo. Na sisi wazazi tukaletewa barua ya mchango wa "matengenezo".

Viti ni vya plastiki vya watu wazima. Binti yangu alikuwa amepiga magoti juu ya kiti ili aifikie kibodi, kwa sababu akikaa, meza inamfika kifuani na miguu inaning'inia. Mtoto wa miaka minane anahitaji kiti cha sentimita 35 hivi na meza ya 60 hivi. Madirisha nayo yako nyuma yao, kwa hiyo kwenye skrini unauona mwembe wa uani vizuri kuliko maandishi.

Nikamwambia mwalimu mkuu: sukumeni meza kwenye kuta tatu, ule wa madirisha uacheni. Migongo ya CPU itaelekea ukutani, nyaya zitaishia huko huko, skrini zote zitatazama katikati na mwalimu ataziona kwa kugeuza shingo tu. Wakati wa kusoma ubaoni watoto wageuze viti. Anajibu nini? Wageni wakija wanapenda kuona safu zimenyooka, na bajeti ya kupanga upya hakuna.

Bajeti ya kusukuma meza?! Niko tayari kuja Jumamosi na fundi umeme wangu, chai nitanunua mimi. Hataki.

Mwenye kujua utaratibu wa kumfikia mthibiti ubora wa shule wa wilaya anielekeze: ni barua au naenda mwenyewe ofisini? Ada ya kompyuta ya muhula ujao silipi hadi zile ekstensheni zitoke sakafuni. Wakimrudisha mtoto nyumbani, nitakuja kuwaambia hapa hapa.