Maafa: serikali iwajengee watu nyumba, au iishie kwenye shule na barabara?

Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki wa vyama.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera. Watu 17 walifariki, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba akasema waziwazi kwamba serikali haikuleta tetemeko wala haitamjengea mtu mmoja mmoja nyumba. Fedha zikaenda kwenye taasisi za umma. Sekondari ya Ihungo ikajengwa upya, na kusema kweli inapendeza.

Sasa njoo Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani vikaizoa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Safari hii nyumba zilijengwa, zaidi ya 100, kule Waret. SUMA JKT, wale wa Jeshi la Kujenga Taifa, walikuwepo, Msalaba Mwekundu nao, na mwaka mmoja baadaye watu wakakabidhiwa.

Nchi ni ile ile. Nani anaamua kwamba huku tunajenga na kule hatujengi?

Msimamo wangu: watu wa Kagera walionewa, lakini si kwa kutojengewa. Walionewa kwa kuambiwa baada ya karibu miezi minne ya kungoja. Shangazi yangu wa Hamugembe, pale pale Bukoba, aliandikwa mara tatu. Kwanza mwenyekiti wa mtaa na kaunta buku lake. Wiki iliyofuata kijana wa ofisini na fomu. Kisha watu wa msaada wakapiga picha ufa wa sebuleni, ufa ambao mkono ulipita. Kila orodha iliandika jina lake kivyake. Alipofuata bati akaambiwa hayumo, akatumwa ofisi ya pili, nako akajibiwa, "Mama, hiyo orodha si yetu."

Fundi Saruji: Mkuu, piga hesabu kwanza. Mia na maelfu si sawa. Nyumba zote za Kagera zingejengwa kwa hela ipi? Marehemu Magufuli alisema ukweli mchungu. Shule anasoma mtoto wako na wangu, nyumba analala mmoja. Na tukizoea kujengewa, nani atahangaika kuweka nondo na linta?

Mleta mada: Kwenye idadi sibishani nawe. Basi semeni wiki ya kwanza! Shangazi angefyatua tofali Oktoba, asingekaa chini ya turubai akisubiri tangazo.

Mhaya wa Dar: Fundi unasahau michango. Tulichanga kazini tukiambiwa ni kwa ajili ya waathirika. Mtu anapotoa elfu kumi yake anamfikiria mama aliyelala nje, hafikirii bweni. Mkitaka kujenga bweni, changisheni la bweni. Na mnakumbuka Septemba hiyo hiyo viongozi wawili waliondolewa kwa akaunti iliyofanana jina na ile rasmi ya maafa? Imani iliishia pale.

Wa Katesh: Nyumba tunashukuru, hatuna kinyongo. Ila nyumba haipikwi. Shamba langu la mahindi liko chini ya mawe ambayo hata trekta haliyagusi. Maji yana mamlaka yake, umeme una shirika lake, nyumba zilikuwa na mkandarasi. Shamba lililofunikwa ni la nani? Nimeuliza ofisi mbili, zote zimenipa pole.

Mstaafu: Vijana, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa; ya mkoa anaiongoza mkuu wa mkoa, ya wilaya mkuu wa wilaya. Mfuko nao umetajwa. Tatizo nililoliona nikiwa kazini ni kwamba kamati inakutana kila siku wakati wa mablanketi na unga. Miezi sita baada ya maafa kikao hakiitishwi tena, mwenyekiti kahamishwa, faili liko kabatini na anayelijua kastaafu. Kurudisha maisha ya watu ni kazi ya miaka mitano. Kazi hiyo apewe mtumishi mmoja wa halmashauri asiye na kazi nyingine, na orodha iwe moja, ibandikwe ofisi ya kata kila mtu aione.

Fundi Saruji: Hapo kwenye orodha moja naungana na mzee. Kwenye nyumba bado.

Mleta mada: Mzee, mimi ningeongeza kiwango kiandikwe kabla: zikianguka nyumba kadhaa tunajenga, zikizidi hapo tunatoa bati na saruji. Mtu ajue mapema anasimama wapi.

Jirani: Na sisi wapangaji? Tetemeko lilinikuta chumba cha kupanga. Vyombo vyote vilibaki chini ya ukuta, walioandikwa ni wenye nyumba tu.

Mleta mada: Dah. Shangazi alikuwa na wapangaji wawili. Katika zile orodha tatu, hakuna hata moja iliyowauliza majina.