Kupiga picha watu wanaolala mitaani Nairobi: lenzi gani, na naanzaje mazungumzo?

shata_polepole:
Wadau, salaam. Nataka kupiga picha za familia za mitaani kati ya mzunguko wa Globe na Muthurwa, kwa maonyesho madogo mwisho wa mwaka. Nina lenzi ya 50mm na ya 70-200. Nitumie ipi? Niombe ruhusa kwanza, au nipige halafu nimwambie? Pesa nitoe? Na watoto wenye chupa za gundi, sheria inasemaje? Picha za kuombea huruma sizitaki.

Mzee wa Kivuli:
70-200, ile ya kuvuta mbali, iache nyumbani. Anayelala barazani hana mlango wala pazia, kwa hiyo ukimpiga kutoka ng'ambo ya barabara ni kama umemchungulia chumbani. Isitoshe, utaonekana tu. Vijana wa bezi, yaani kundi na maskani yake, huona kamera kabla hujaiinua, na mazungumzo yako ya kwanza nao yatakuwa ugomvi wa kufuta picha.

50mm inafaa kama kamera yako ina sensa kubwa, yaani kile kidaka-mwanga cha ndani. Kwa sensa ndogo inabana kama 75 au 80 hivi, utalazimika kurudi nyuma hadi kwenye njia ya mikokoteni. Hapo 35mm ni bora. Usifungue tundu la lenzi hadi f/1.8 hata kama lenzi inaruhusu: jicho moja litakuwa kali, la pili ukungu, na mahali penyewe patafutika, kumbe mahali ndipo nusu ya habari. Anza f/4, shata 1/200, ISO 800, kisha rekebisha.

Nenda kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, kadibodi na magunia yanapokunjwa kabla maduka hayajafunguliwa. Jua la saa sita linageuza macho kuwa mashimo, hasa kwenye ngozi nyeusi. Mweke mtu chini ya paa la baraza akitazama barabarani, upime mwanga usoni pake. Ukiiachia kamera ipime fremu nzima, barabara inayong'aa ikiingia pembeni itaudanganya mtambo wa kupima mwanga na uso utatoka mweusi tii. Na chuchumaa! Picha ya kutoka juu humfanya kila mtu aonekane kama anaomba.

Asubuhi ina faida nyingine: wengi hawajaanza kuvuta gundi. Ridhaa ya mtu aliyelewa si ridhaa. Akikukubalia akiwa na chupa mdomoni, muulize tena kesho yake.

Kuhusu mazungumzo, siku ya kwanza kamera ibaki mkobani. Kila bezi ina mkubwa wake, mara nyingi mtu wa makamo au mama mwenye watoto. Msalimie huyo kwanza, mwambie wewe ni nani, unataka nini, na picha zitaishia wapi. Ukimruka ukaanza na mdogo, kesho huna pa kuingia. Usifungue na "kwa nini uko mtaani?" Swali hilo ameshaulizwa na kila kanjo (askari wa kaunti) na kila mhubiri, na jibu lake analo tayari kama kanda. Uliza ya leo: mvua ilipowakuta usiku walihamia wapi, kilo ya plastiki inanunuliwa bei gani. Neno chokoraa liache. Linatokana na kuchokora mapipa, na hakuna anayeitwa hivyo akafurahi.

Ridhaa Kwanza:
Upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka wewe uthibitishe kwamba ridhaa ilitolewa, na mwenye sura anaweza kuiondoa wakati wowote. Ipo nafuu kwa uandishi wa habari na sanaa, ila usiifanye kichaka cha kujifichia. Fomu ya kurasa mbili haifai kwa mtu asiyesoma, na karatasi huwatisha wengi kwa sababu huja na polisi. Rekodi sauti kwa simu, dakika moja tu: jina analotaka litumike (la mtaani linatosha), picha itaonyeshwa wapi, itauzwa au la, mtandaoni ndiyo au hapana. Hilo la mtandaoni uliza peke yake. Wapo wanaokubali ukutani na kukataa intaneti kwa sababu nyumbani hawajui wanaishi hivyo.

Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na lazima iwe kwa manufaa ya mtoto. Mkubwa wa bezi si mlezi kisheria. Kama mama yuko hapo, ongea naye. Kama hayupo, piga mikono, viatu, kivuli ukutani. Mtoto mwenye chupa usionyeshe sura yake hata mama akikubali, maana picha hiyo itamfuata akiwa fundi au mwalimu. Kuweka ukungu usoni baadaye hakutoshi kama fulana, kovu na kibao cha duka vinaonekana. Ukikuta mtoto yuko hatarini, namba ni 116, bure.

Posta Mpya (Dar):
Mkuu, nichangie kutoka huku, maana wazee wetu wa Kariakoo na Posta hawatofautiani sana na hao. Kwa mzee ni shikamoo, halafu kimya. Mwache akukague.

Pesa kabla ya picha ni kosa. Ukilipa kwa kila picha, mtu ataanza kukuigizia shida: atalala chini, atanyoosha mkono. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, kwani wakubwa watamnyang'anya ukigeuka tu. Chakula ni bora, lakini hesabu vichwa kisha ongeza vitatu, kila mmoja apate sawa, na agawe mkubwa wao. Mikate ikipungua miwili, umeleta vita.

Ridhaa Kwanza:
Nakubali kuhusu kabla, ila sikubali asipate chochote kamwe. Picha ikiuzwa kwenye maonyesho, aliye ndani yake ana fungu. Kubalianeni kiasi mapema na kiwemo kwenye ile sauti.

shata_polepole:
Nimeelewa. Je, nikisharudi na picha?

Mzee wa Kivuli:
Safisha nakala za inchi 4 kwa 6, mbili kwa kila mtu, umpelekee ndani ya wiki moja. Ukikawia, kanjo wameshawahamisha na hutawapata. Zitie kwenye kitu kisichopitisha maji, la sivyo mvua ya usiku mmoja inazimaliza. Halafu zima lokesheni kwenye simu kabla hujapiga, na kwenye maelezo andika "katikati ya Nairobi" tu. Ukitaja uchochoro wanaolala, umewaonyesha njia watu ambao hawaendi kusalimia.