Hedifoni zinapiga ala tupu, mwimbaji hasikiki

chungu_mbovu:
Wakuu habari zenu, naomba msaada. Nina hedifoni za waya zenye kimaiki, zilikuwa poa kabisa ila sasa nikiweka wimbo nasikia gitaa, kinanda na waitikiaji wa pembeni, lakini mwimbaji mwenyewe simsikii au yuko mbaaali kama anaimbia ndani ya pipa, na besi nayo imekonda. Pande zote mbili zinatoa sauti kwa hiyo sio kwamba upande mmoja umekufa. Nimezima simu nikawasha, nimebadilisha programu ya muziki, wapi. Kwenye kompyuta nako ni vilevile. Shida ni setingi, spika za ndani au waya?

kimyakimya:
Tupa hizo, chukua mpya. Hizi za waya ndo zilivyo.

Mzee wa Solda:
Usitupe kitu. Hiyo ni ethi imekata, dalili ziko wazi kabisa. Stirio inatuma njia mbili, kushoto na kulia, na zote zinarudi kwa waya mmoja wa ethi. Ukikatika huo, umeme unaingilia spika ya kushoto na kutokea ya kulia, sasa kile kilicho sawa pande zote kinajifuta na kinachobaki ni zile tofauti tu. Mwimbaji, besi na ngoma kubwa kwa kawaida vinawekwa katikati ya stirio, yaani sawasawa kushoto na kulia, ndo maana vimepotea na gitaa la pembeni limebaki.
Kwanza hakikisha pini inaingia mpaka mwisho maana pini ikikaa nusu inaleta hiyohiyo, ila wewe umesema na kompyuta ni vilevile kwa hiyo sidhani kama ni tundu. Halafu weka wimbo, kunja waya taratibu pale karibu na pini na pale unapogawanyika, mwimbaji akirudi ghafla umeshapata penye jeraha.

dada_wa_waya:
Naongezea kwa mzee. Kuna kipimo kisichotaka kifaa chochote: kwenye setingi za simu, upande wa usaidizi wa kusikia, washa mono. Mono inafanya kushoto na kulia viwe kitu kimoja, kwa hiyo kama ethi imekata sauti itapotea karibu yote. Hedifoni nzima hazifanyi hivyo, zitaendelea kupiga tu.
Na ukiwa hapo cheki kile kitelezi cha kushoto na kulia kiko katikati, watu wengi wanalia upande mmoja hausikiki kumbe kidole kilikisogeza.
Kingine, bonyeza kitufe cha maiki ukishikilie. Mwimbaji akirudi ujue waya ni mzima, ila pini ya hedifoni na tundu la kifaa vimepangwa kinyume, pete ya maiki na ya ethi zimebadilishana nafasi. Hapo dawa ni adapta, sio solda.

chungu_mbovu:
Duh, nimewasha mono kimya kabisa! Kitufe hakibadilishi kitu. Nikikunja karibu na pini jamaa anarudi anaimba vizuri tu kisha anapotea tena. Kwa hiyo nakata? Rangi za ndani zikoje?

Mzee wa Solda:
Kata sentimita chache juu ya pini, weka pini mpya yenye vipande vinne kama unataka maiki ibaki. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya shaba ni ethi, lakini usiamini rangi, pima kwa mita ya fundi (maltimita) ukiiweka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Ukigusa kushoto na ethi unapata spika moja, mfano omu 32 au pungufu kidogo, ukigusa kushoto na kulia unapata kama mara mbili yake. Kwenye pini ncha ni kushoto, pete inayofuata ni kulia, na kwa simu nyingi za sasa inayofuata ni ethi halafu mwisho maiki.
Nyaya hizo zimepakwa vanishi, usipoichoma kwa ncha ya moto yenye risasi ya kuchomelea (solda) haitashika hata ukeshe. Na kifuniko cha pini kivalishe kwenye waya KABLA hujachoma!!

bomba_la_besi:
Samahani nadandia uzi. Mimi ni spika mbili za redio, zote zinapiga ila nikikaa katikati besi hakuna na muziki kama unatoka kila mahali. Ni ethi pia?

dada_wa_waya:
Hapana, wewe chanya na hasi zimepishana kwenye spika moja. Moja inasukuma hewa wakati nyenzie inavuta, besi inafutana hewani. Zima redio, geuza nyaya za spika MOJA tu, ukigeuza zote umerudi palepale. Washa tena usikilize.
Kama alama zimefutika, chomoa nyaya kutoka kwenye redio kwanza, kisha gusisha betri ya volti 1.5 mara moja kwenye nyaya za ile spika kubwa ya besi. Koni ikiruka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndo chanya ya spika. Gusa na kuachia, usiiache hapo.