X11 imeondolewa kabla Wayland haijaweza kazi zetu, steshenari yangu imesimama siku mbili

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kwa asiyejua, X11 ni mfumo wa zamani unaoonyesha madirisha kwenye skrini ya Linux, na Wayland ndiyo mrithi wake.

Nina steshenari Mwenge, Dar es Salaam. Kompyuta sita, zote mtumba wa Kariakoo, zote zinatumia Linux tangu siku nafungua. Tunachapa, tunaskani, tunatoa kopi, tunajazia watu fomu za mtandaoni. Jumapili usiku nikanunua bando la usiku, nikazipandisha zote toleo jipya, maana kila niliyemuuliza aliniambia pandisha tu, halina shida. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi wanafunzi wameshajaa mlangoni na ripoti zao za fildi. Naangalia skrini ya kuingilia, kile kigurudumu cha pembeni nilichozoea kuchagulia Xorg, yaani hiyo X11, hakipo kabisa. Imebaki Wayland peke yake. Hakuna aliyeniambia.

Kompyuta mbili zina monita za mraba za inchi 17, zimeunganishwa kwa adapta ya VGA. Adapta hizi za bei rahisi hazipitishi utambulisho wa monita, kwa hiyo kompyuta haijui imeunganishwa na nini, inaangukia 1024 kwa 768. Herufi zinavimba, zinafifia, mteja anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Kwenye X11 hili lilikuwa tatizo la dakika mbili: unatengeneza vipimo kwa amri ya cvt, unavipa xrandr, amri ya kupanga skrini, unaweka kwenye skripti inayojiendesha ukiingia. Miaka yote nimeishi hivyo. Jumatatu nimeendesha xrandr ileile, lakini inaishia kwenye XWayland, X11 ya kuigiza iliyomo ndani ya Wayland. Yaani inaongea na kivuli. Monita halisi haiwezi tena kuigusa, haina mamlaka nayo.

Skripti ya pili ndiyo iliyonikata maini. Kijana wangu akibonyeza kitufe kimoja, wmctrl ilikuwa inapanga dirisha la skana kushoto na la kuchapia kulia, halafu xdotool inamwandikia jina la faili kwa tarehe ya leo. Kazi ya mikono saba kwa kila mteja ikawa ya mkono mmoja. Sasa wmctrl inaona madirisha machache ya programu za zamani tu, mengine kwake ni kama hayapo. Siku mbili tumerudi kuburuta madirisha kwa mausi huku foleni inafika barazani.

Sasa naomba tuelewane, maana nikisema hivi wapo watakaodhani nabishana na mabadiliko. X ilizaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, toleo la 11 likatoka 1987. Wakati ule programu zote kwenye skrini moja zilichukuliwa kuwa ni ndugu, zinaaminiana. Ndiyo maana mpaka leo, ndani ya X11, programu yoyote inaweza kusoma kila kitufe unachobonyeza kwenye dirisha la programu nyingine. Kwangu watu wanaingiza nywila za barua pepe na za mifumo ya serikali kila siku, kwa hiyo hatari hiyo naijua na inaninyima raha. Kristian Høgsberg alipoanzisha Wayland mwaka 2008 alikuwa mtu wa X hukohuko, alijua anachokikimbia. Kuzuia dirisha moja lisichungulie jingine ni jambo sahihi. Nalikubali bila kusitasita.

Ninachokataa ni kufunga mlango ambao watu walikuwa wanapita kwenda kazini, halafu kuwaachia kila mmoja atoboe tundu lake. Xrandr ilikuwa moja, ukiijua umeijua popote. Leo ukiwa kwenye mazingira ya dawati ya Sway na jamaa zake unatumia wlr-randr, ukihamia KDE unatumia kscreen-doctor, ukienda kwingine unajifunza nyingine. Skripti niliyoandika hapa Mwenge haimsaidii mwenzangu wa Tegeta mwenye mazingira tofauti. Na kibaya zaidi ni hiki: kila ukiuliza mbadala wa xdotool unaambiwa tumia ydotool. Hiyo inapitia kwenye keneli kabisa, kiini cha mfumo, kwenye uinput, inajifanya kibodi halisi, na ili ifanye kazi lazima uipe ruhusa ambayo mtumiaji wa kawaida hana. Kwa hiyo ulinzi niliovunjiwa kazi yangu kwa ajili yake, naambiwa niuzunguke kwa nyuma kwa mamlaka makubwa kuliko yale ya mwanzo. Huo ni usalama wa nani?

Dada yangu ana duka Mbagala, nilikuwa naingia kwenye kompyuta yake nikiwa hapa kwa x11vnc, namtengenezea printa nusu saa kila kitu kimeisha. Jana nimejaribu kwa njia mpya, ruhusa inatokea kwenye skrini yake, yeye yuko kaunta na wateja, simu haisikii. Nimepanda daladala mpaka Mbagala. Kwenda na kurudi mchana wote umekwisha.

Nilipouliza, nimepewa majibu mawili. La kwanza, nunua monita mpya. Monita hizi ni nzima, zinawaka, zinaonyesha rangi vizuri, kwa nini nizitupe? La pili, hii ni programu huria, ukitaka kitu andika mwenyewe, hakuna anayekudai. Hili la pili limeniumiza. Mji huuhuu, pale Chuo Kikuu, mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafsiri maelfu ya maneno ili mama wa Manzese afungue barua kwa lugha yake. Msituambie sisi ni watu wa kupokea tu. Mtu anayeendesha kompyuta sita kwa miaka na kufundisha kila kijana anayepita kwake ameshachangia, hata kama hajaandika mstari mmoja wa lugha ya programu ya C.

Kwa aliyekwama kama mimi, nilichopata mpaka sasa ni hiki. Monita nimezirudisha kwa kuandika video=DP-1:1280x1024@60 kwenye mstari wa keneli ndani ya GRUB, programu inayowasha Linux, halafu update-grub na kuwasha upya. Jina la tundu angalieni kwenye /sys/class/drm, lako linaweza kuwa jingine. Kompyuta tatu nimezihamishia Xfce, mazingira mengine ya dawati, bado inakaa juu ya X11 na skripti zangu zote zimefufuka palepale bila kubadilisha herufi. Tatu zilizobaki nitazihamisha Jumapili.

Nyie mnaoandika humu kwamba toleo fulani pandisheni, naomba muandike juu kabisa, kabla ya picha za mandhari mpya, kama X11 imo au haimo. Na kama kuna mdau anayepanga madirisha kwa skripti kwenye Wayland, bila uinput, na inafanya kazi kwenye mazingira zaidi ya moja, aweke hapa amri zake nizijaribu kesho kabla sijafungua.